Nani Alimweka Pale? Mameneja wa Dodgers kutoka Brooklyn hadi Los Angeles

Kwa karibu miaka 5, kuanzia mwaka 2018, nilifanya kazi ya kumtunza mzee mmoja jijini Los Angeles. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1943, akahamia California akiwa kijana, na katika vitu vyote vya utoto wake kilichobaki ni daftari moja lenye jalada la kitambaa, ambamo tangu shuleni alikuwa akiandika mechi za besiboli, raundi kwa raundi, kwa penseli. Nilimwita Mzee, akauliza neno hilo lina maana gani, nikamweleza, na tangu siku hiyo hakutaka nimwite kwa jina lingine. Jioni za msimu, kuanzia Aprili hadi Oktoba, tulikaa mbele ya televisheni kuwatazama Dodgers, klabu ya besiboli iliyoanzia Brooklyn, New York, kabla ya kuhamia Los Angeles, na kila mchezaji alipofanya jambo kubwa uwanjani Mzee hakuuliza nani amelifanya. Aliuliza nani alimweka pale.

Sisi tuliokulia kwenye soka huchukua muda kuuelewa uzito wa swali hilo. Timu hupiga kwa zamu katika raundi 9. Aliyeupiga mpira hukimbia kupitia vituo vitatu hadi nyumbani ili kupata pointi, akidakwa mpira wake kabla haujagusa chini hutolewa, na watu watatu wakitolewa zamu huisha. Katika besiboli kocha mkuu huitwa meneja, naye huvaa jezi kama wachezaji wake hata akiwa na miaka 70. Ndiye anayepanga nani apige wa kwanza na nani apige wa tisa, nani asimame wapi, na mrusha mpira aondolewe lini. Mchezaji akishabadilishwa harudi tena katika mechi hiyo, kwa hiyo kila badiliko ni akiba iliyotumika. Mchezo wenyewe husimama baada ya kila mpira, na katika ukimya huo maelfu ya watu humtazama mtu mmoja aliyeegemea nguzo ya benchi, wakingoja aamue. Mzee aliamini kwamba historia ya klabu huandikwa na watu hao, na baada ya miaka 5 ya kukaa naye ninaamini vivyo hivyo.

Meneja wa kwanza aliyenisimulia kwa kirefu alikuwa Wilbert Robinson, aliyeiongoza Brooklyn kuanzia mwaka 1914 hadi 1931, kwa muda mrefu kiasi kwamba klabu yenyewe iliitwa Robins kwa jina lake. Alikuwa mnene, mpole, na mashabiki walimwita Mjomba Robbie. Mwaka 1915, timu ikiwa kambini Daytona huko Florida, alikubali kudaka mpira utakaoangushwa kutoka kwenye ndege iliyorushwa na rubani mwanamke, Ruth Law. Kilichoangushwa kilikuwa balungi. Likampasukia kifuani, naye alipohisi umajimaji wa moto mwilini akadhani ni damu yake. Mtu huyohuyo aliiongoza Brooklyn kutwaa ubingwa wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi kuu mbili, mwaka 1916 na mwaka 1920, na mara zote mbili ikashindwa katika World Series, yaani fainali ya mfululizo wa mechi kati ya mabingwa wa ligi hizo, kwanza na Boston, kisha na Cleveland.

Katikati ya miaka ya 1930 alikuwapo Casey Stengel. Hakufanikiwa, na baada ya msimu wa 1936 klabu ikamwondoa ingawa mkataba wake ulikuwa na mwaka mmoja mbele, hivyo mwaka mzima wa 1937 Brooklyn ilimlipa mshahara akae nyumbani. Jina hilo litarudi, na msomaji asilisahau.

Mwaka 1947 ndio ulioijaza kurasa nyingi zaidi katika mazungumzo yetu, kwa sababu ndio mwaka ambao Jackie Robinson aliingia uwanjani kwa jezi ya Brooklyn na kuvunja mwiko uliowazuia wachezaji Weusi kwa miongo mingi kucheza katika ligi kuu za Marekani. Kila mtu analijua jina la Robinson, na wengi wanamjua Branch Rickey, kiongozi wa klabu aliyemsajili. Wachache wanajua kwamba siku ile timu haikuwa hata na meneja wa kudumu. Meneja aliyetarajiwa alikuwa Leo Durocher, mtu mkali, mwenye kelele, mpenda kamari. Wakati wa maandalizi ya msimu, timu ikiwa Panama, alisikia kwamba baadhi ya wachezaji wanaandaa waraka wa kumkataa Robinson. Aliwaamsha usiku, akawaita jikoni mahali walipofikia, akawaambia kwa lugha isiyoandikika kwamba rangi ya mtu haimhusu, kwamba Robinson atawaletea wote fedha, na kwamba nyuma yake wanakuja wengine. Waraka ukafa pale pale. Siku chache kabla ya msimu kuanza, kamishna wa besiboli, Happy Chandler, akamfungia Durocher mwaka mzima kwa sababu ya mwenendo wake na watu aliofuatana nao.

Basi tarehe 15 Aprili 1947 jina la Robinson liliandikwa katika orodha ya wachezaji na Clyde Sukeforth, msaidizi ambaye hakuitaka kazi ya umeneja na aliyeishika kwa mechi 2 tu, akashinda zote mbili. Ndiye pia aliyekuwa ametumwa Chicago mwezi Agosti 1945 kumtazama Robinson, akampeleka Brooklyn, akakaa ndani ya chumba wakati Rickey anazungumza naye kwa mara ya kwanza. Kwangu mimi Sukeforth ni mmoja wa watu muhimu kabisa katika orodha hii ndefu, ingawa rekodi yake ya umeneja inajaza nusu mstari.

Baada yake akaja Burt Shotton, mzee aliyeitwa kutoka Florida kwa haraka, aliyekataa kuvaa jezi. Alikaa benchini na suti na tai, na kwa kuwa hakuwa amevaa kimchezo hakuingia uwanjani. Alipotaka kumbadilisha mrusha mpira alimtuma msaidizi. Mtu huyu mtulivu aliifikisha timu kwenye fainali mwaka huohuo wa 1947 na tena mwaka 1949. Mara zote mbili walishindwa na New York Yankees, na mwaka 1949 meneja wa Yankees alikuwa Casey Stengel, yule aliyelipwa akae nyumbani.

Durocher alirudi Brooklyn mwaka 1948, lakini katikati ya msimu alivuka mto na kwenda kuwaongoza mahasimu wakubwa wa klabu, New York Giants. Mzee alikuwa na miaka 5 wakati huo, na baba yake alimwambia kwamba ni sawa na jirani kuhamia kwa adui pamoja na funguo za nyumba yako. Uzito wa maneno hayo ulionekana mwaka 1951. Mwezi Agosti Dodgers walikuwa wamewaacha Giants kwa mechi 13 na nusu. Septemba ilipokwisha timu zilikuwa sawa, ikabidi zicheze mechi 3 za kuamua. Katika ya tatu, tarehe 3 Oktoba, Brooklyn waliingia raundi ya mwisho wakiongoza pointi 4 kwa 1. Giants wakapata moja, wakawa na watu wawili vituoni, na Chuck Dressen, meneja mpya wa Brooklyn, akainua simu kuuliza nani yuko tayari kati ya warusha mpira wawili waliokuwa wakipasha misuli. Aliyepokea simu alikuwa Sukeforth, tena. Akajibu kwamba Carl Erskine mpira wake umedunda chini kabla ya kufika. Dressen akamwita Ralph Branca, mwenye jezi namba 13, ambaye siku mbili nyuma Bobby Thomson alikuwa amempiga homurani, yaani mpira uliovuka uzio. Branca alirusha mara mbili. Wa pili Thomson aliupiga ukatua kwenye jukwaa la kushoto, Giants wakashinda 5 kwa 4, na Durocher alikuwa anarukaruka karibu na kituo cha tatu.

Nani alimweka pale? Katika daftari la Mzee, kwenye ukurasa aliounakili miaka mingi baadaye, pana jina la Dressen limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, na chini yake jina la Sukeforth lenye alama ya kuuliza. Nilimwambia kwamba naona haya si haki, kwa kuwa mtu wa simu alisema tu alichokiona. Alifikiri kwa muda, akaifuta ile alama, akaacha jina.

Dressen alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1952 na 1953, na mara zote mbili Stengel akamfunga katika fainali. Msimu wa 1953 timu yake ilikuwa imeshinda mechi 105, akaona amestahili kudai zaidi ya mkataba wa mwaka mmoja. Mkewe ndiye aliyemwandikia barua mmiliki wa klabu, Walter O'Malley, kuomba mkataba wa miaka kadhaa. O'Malley alikataa, Dressen akashikilia msimamo, na mlango ukafungwa.

Aliyeitwa kuziba nafasi hiyo ni Walter Alston, na magazeti ya New York yaliuliza ni nani huyo. Lilikuwa swali la haki. Alston alikuwa mwanakijiji wa Ohio, mwalimu wa shule wakati ligi imesimama, ambaye maisha yake yote kama mchezaji katika ligi kuu yalikuwa mechi moja mwaka 1936: alipata nafasi moja ya kupiga, akaikosa mipira, akarudi benchini. Lakini alikuwa amewafundisha vijana wa klabu katika ligi ndogo kwa miaka mingi. Huko Nashua, New Hampshire, mwaka 1946, aliwapokea Roy Campanella na Don Newcombe, wachezaji Weusi wawili, wakati ambapo timu nyingine zilikuwa zimewakataa. Siku moja mwamuzi alimtoa Alston nje ya uwanja, naye akamwachia Campanella timu. Campanella akamwita Newcombe, mrusha mpira, aende kupiga, na Newcombe akapiga homurani. Nikisoma habari hiyo huwa naona kwamba Alston alikuwa tayari anajua kitu ambacho wakubwa wengi wa mchezo ule walihitaji miaka karibu 30 zaidi kukijua, yaani kwamba akili ya kuongoza timu haina rangi.

Alston alisaini mkataba wa mwaka mmoja. Ulipokwisha akasaini mwingine wa mwaka mmoja, na mwingine, hadi ikafika mikataba 23.

Ukurasa uliochakaa kuliko yote katika lile daftari ni wa tarehe 4 Oktoba 1955. Ilikuwa Jumanne, Mzee akiwa na miaka 12, na mwalimu wao alikubali redio iwekwe juu ya meza darasani. Brooklyn walikuwa wameshindwa fainali 7 kwa 7 katika historia yao, 5 kati ya hizo mbele ya Yankees, na sasa ilikuwa mechi ya saba, ya kuamua, ya fainali nyingine, katika uwanja wa Yankees, Stengel akiwa benchi la pili. Katika nusu ya kwanza ya raundi ya sita, Brooklyn wakiongoza, Alston alimtoa Don Zimmer, mlinzi wa kituo cha pili, ili George Shuba apige badala yake. Shuba hakufanikiwa, ila sasa Alston hakuwa na mtu wa kituo cha pili. Akamvuta Jim Gilliam kutoka uwanja wa nje wa kushoto kuja kituo hicho, na kule nje akampeleka Sandy Amoros, Mkuba mdogo wa umbo aliyekuwa akikaa benchini.

Dakika chache baadaye Yankees walikuwa na watu wawili vituoni, pointi zikiwa 2 kwa 0, na Yogi Berra akaupiga mpira ukapinda kuelekea mstari wa kushoto, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amesimama. Amoros alikimbia kutoka mbali sana. Alikuwa mtu wa kushoto, kwa hiyo glovu yake ilikuwa mkono wa kulia, ule uliokuwa upande wa uzio. Aliunyoosha tu na mpira ukaingia. Gilliam angekuwa bado pale angelazimika kuuvusha mkono wa kushoto mbele ya mwili wake, na wote waliouona mchezo ule wanajua asingeufikia. Amoros akamrushia Pee Wee Reese, Reese akamrushia Gil Hodges, na mkimbiaji aliyekuwa ameacha kituo cha kwanza naye akatolewa. Katika maandishi ya besiboli kila nafasi ina namba yake, na tukio lile huandikwa 7-6-3. Mtoto wa miaka 12 aliziandika namba hizo kwa kukandamiza penseli hadi karatasi ikatoboka, na tundu hilo nimelipapasa kwa kidole changu. Johnny Podres, mrusha mpira wa Brooklyn, akamaliza kazi, Brooklyn wakapata ubingwa wao wa kwanza, ambao ulikuwa pia wa mwisho kabla ya O'Malley kuihamishia timu Los Angeles mwaka 1958.

Mzee hakuwahi kumsamehe O'Malley kwa kuhama, hata baada ya yeye mwenyewe kuhamia mji uleule. Tulibishana sana juu ya jambo hili. Mimi nilisema kwamba mkataba wa mwaka mmoja ulikuwa kamba shingoni mwa meneja, namna ya kumkumbusha kila vuli kwamba mkate wake uko mikononi mwa tajiri. Yeye alisema mambo yaliyotokea hayakuwa hivyo. Mwaka 1962 Dodgers waliutupa ubingwa wa ligi mbele ya Giants kwa namna ileile ya 1951, katika mechi ya tatu ya kuamua, raundi ya mwisho. Durocher wakati huo alikuwa amerudi kama msaidizi wa Alston, na ikavuma kwamba anasema angekuwa yeye wasingeshindwa. Mmiliki mwingine angemfungashia Alston virago kabla jua halijazama. O'Malley alimpa karatasi yake ya mwaka mmoja, na mwaka 1963 Alston akawachapa Yankees katika fainali mechi 4 kwa bila. Mwaka 1965, mechi ya saba huko Minnesota, alikuwa na warusha mpira wawili wakubwa, Don Drysdale aliyepumzika zaidi na Sandy Koufax aliyepumzika siku 2 tu. Akamchagua Koufax. Akashinda 2 kwa 0.

Alipostaafu mwishoni mwa msimu wa 1976, zikiwa zimebaki mechi 4, Alston alikuwa ameshinda mechi 2,040 na fainali 4. Nafasi yake ikachukuliwa na msaidizi wake, Tommy Lasorda, ambaye mwaka 1955 alikuwa mrusha mpira kijana wa Brooklyn na akarudishwa ligi ndogo ili apatikane mahali pa Koufax. Alston hakusema sana, Lasorda hakunyamaza. Alikumbatia wachezaji, alikula nao, aligombana na waamuzi, na alipenda kusema kwamba damu yake ni ya buluu, rangi ya klabu. Mzee hakumpenda kama alivyompenda Alston, lakini kwa usiku mmoja alimvulia kofia. Tarehe 15 Oktoba 1988, mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Oakland, Dodgers walikuwa nyuma 4 kwa 3, watu wawili wameshatolewa katika raundi ya mwisho. Kirk Gibson, mpigaji wao bora, alikuwa chumba cha kubadilishia nguo akiwa ameumia miguu yote miwili, akatuma ujumbe kwamba anaweza kupiga mara moja. Lasorda hakumtoa hadharani. Alimsimamisha Dave Anderson mahali pa kungojea zamu, ili Dennis Eckersley, mrusha mpira wa Oakland, aone kwamba anayefuata ni mtu asiyeogopwa sana, naye aone bora kumwogopa Mike Davis aliyekuwa anapiga. Eckersley akarusha kwa tahadhari, Davis akapata kituo cha kwanza bure, na ndipo Anderson akarudi ndani na Gibson akatoka akichechemea. Homurani aliyoipiga inajulikana na kila mtoto wa mji huu. Mzee alinionyesha alichokiandika usiku ule: jina la Anderson, ambaye hakupiga mpira hata mmoja, limezungushiwa duara.

Lasorda aliacha kazi mwaka 1996 baada ya kupata mshtuko wa moyo. Watu wawili, Alston na yeye, walikuwa wameishika kazi moja kwa misimu 43. Mwaka 1998 familia ya O'Malley ikaiuza klabu, na kati ya mwaka 1996 na 2015 wakapita mameneja 7: Bill Russell, Glenn Hoffman, Davey Johnson, Jim Tracy, Grady Little, Joe Torre, Don Mattingly. Walikuwamo watu hodari kati yao, hasa Torre, aliyekuja na heshima aliyoipata Yankees, lakini hakuna aliyefika hata fainali. Hapo ndipo nilipokubali hoja ya Mzee kuhusu zile karatasi za mwaka mmoja: kilichomlinda Alston hakikuandikwa kwenye karatasi, kilikuwa ni neno la familia moja, na familia ilipoondoka iliondoka nalo.

Tangu mwaka 2016 meneja ni Dave Roberts, mzaliwa wa Naha, Okinawa, mtoto wa mwanajeshi Mmarekani Mweusi na mama Mjapani, na meneja wa kwanza Mweusi katika klabu iliyomleta Jackie Robinson. Ilichukua miaka 69. Mzee alimkasirikia mara mbili mbele yangu. Mwezi Oktoba 2019 alimwacha mrusha mpira Clayton Kershaw uwanjani raundi ya nane dhidi ya Washington, akapigwa homurani mbili mfululizo, na msimu ukaishia hapo. Kisha tarehe 13 Aprili 2022 akamtoa Kershaw huyohuyo baada ya raundi 7 ambazo hakuna mpinzani hata mmoja aliyefika kituo, akiwa amerusha mipira 80 tu. Mwaka 2019 alichelewa, mwaka 2022 akawahi, alisema Mzee, na penseli ikatupwa ukutani. Nilimwokotea. Nilimwambia kwamba Kershaw mwenyewe alikubali kutoka, na kwamba bega la mtu wa miaka 34 mwezi Aprili, kwenye baridi ya Minnesota, ni kitu cha kuhurumiwa. Hakunijibu, lakini aliandika.

Mzee alifariki mapema mwaka 2023. Watoto wake walinipa daftari.

Tarehe 1 Novemba 2025 nililifungua peke yangu kwa mechi ya saba ya fainali, Toronto. Dodgers walisawazisha raundi ya tisa kwa homurani ya Miguel Rojas, mchezaji mkongwe ambaye Roberts alikuwa amemtoa benchini siku moja kabla. Kisha Toronto wakajaza vituo vyote vitatu, mtu mmoja tu akiwa ametolewa, na pointi moja ingewapa ubingwa. Aliyekuwa akirusha ni Yoshinobu Yamamoto, ambaye jana yake alikuwa amerusha mipira 96. Katika ukimya huo Roberts alifanya badiliko dogo ambalo sikulielewa: alimwingiza Andy Pages katikati ya uwanja wa nje, kijana aliyekuwa ameondolewa kikosini kwa sababu hapigi. Mpira uliofuata Rojas aliukamata, akaurusha nyumbani, mtu wa pili akatolewa. Uliofuata ulipaa kuelekea ukutani, kushoto kwa katikati. Enrique Hernández alikuwa anaukimbilia akirudi nyuma, na Pages akatokea upande, akampanda begani, wakaanguka wote wawili, na mpira ulikuwa ndani ya glovu ya Pages. Dodgers walishinda katika raundi ya 11, 5 kwa 4.

Pages pia ni Mkuba. Nilirudi nyuma hadi ule ukurasa wenye tundu, nikausoma, nikarudi mbele. Nikaandika 8, namba ya mtu wa katikati, na pembeni, kwa herufi ndogo: Roberts.